Mlango, Ufunguo na Jina: Sayansi ya Kujikinga na Wezi

Wizi ni wa kale kama mali yenyewe, na jitihada za kuuzuia ni za kale vile vile. Palipo na nyumba pana mlango, na palipo na mlango pana komeo. Hata hivyo, watu wengi hudhani kwamba kulinda nyumba ni kazi ya seremala na polisi peke yao, na kwamba somo la sayansi halina la kuongeza. Ukweli ni kwamba mtaimbo wa mwizi hufuata kanuni ya nyenzo inayofundishwa darasani, kutu inayokula bawaba ni badiliko la kikemia, na ufunguo wowote, uwe wa chuma au wa tarakimu, hupata nguvu yake katika hesabu.

Makala haya yanachukua mfano wa Wilaya ya Micheweni, mojawapo ya wilaya mbili za Mkoa wa Kaskazini Pemba. Wilaya hiyo ni nchi ya wavuvi, wakulima wa muhogo na mpunga, na wanawake wanaolima mwani katika pwani za Kiuyu, Maziwa Ng'ombe na kwingineko. Maisha ya huko yana ratiba inayojulikana. Wavuvi hufunga safari za dago na kukaa mbali na nyumbani kwa siku nyingi. Msimu wa karafuu unapofika, familia huhamia kambini kwenye mavuno. Wakulima wa mwani nao hushuka pwani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, jambo linalotokea mara mbili katika kila mwezi, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Basi mtu anayeijua hesabu ya mwezi anazijua pia saa ambazo nyumba hubaki tupu. Mwizi hahitaji uchawi kuzijua saa hizo. Huzihesabu kama anavyozihesabu mvuvi.

Tangu zamani kijiji kililindwa zaidi na macho ya watu kuliko na chuma. Mgeni alionekana tangu njiani, akaulizwa ni mtoto wa nani na amefikia kwa nani. Ulinzi huo ungali na manufaa makubwa. Lakini leo yupo mwizi wa aina ya pili, asiyepita njiani wala mlangoni. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Kenya mwezi Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008. Tangu hapo, malipo ya mwani, fedha za samaki waliouzwa Tumbe, na msaada unaotumwa na jamaa walioko Unguja, Dar es Salaam, Mombasa au Uarabuni, aghalabu hulala ndani ya simu. Mlango wa hazina hiyo ni namba ya siri, na ufunguo wake mwingine ni jina la mwenyewe. Mwizi anayeweza kulivaa jina la mtu hana haja ya kuvunja ukuta wake. Kwa hiyo yafaa mambo hayo mawili, nyumba na jina, yaelezwe pamoja, kwani kanuni zinazoyatawala ni zile zile.

KUCHELEWESHA, KUGUNDUA NA KUITIKA

Hakuna mlango usiovunjika. Kazi ya mlango ni kumchelewesha mwizi, na ucheleweshaji una maana tu ikiwa yupo atakayegundua na atakayeitika. Kanuni hii yaweza kuandikwa kwa urahisi: nyumba imehifadhika endapo muda wa kuvunja ni mkubwa kuliko muda wa kugundua ukijumlishwa na muda wa kufika msaada.

Tuseme mlango waweza kustahimili dakika nne. Ikiwa jirani husikia kelele baada ya dakika moja, na watu hufika baada ya dakika mbili, jumla ni dakika tatu, na mwizi atakimbia kabla hajaingia. Mlango huo huo ukiwekwa katika nyumba iliyo pweke, nusu saa kutoka kwa jirani, haulindi kitu. Hata mlango ulio imara mara tano kuliko huo hautafaa. Mfano huu unaonyesha kwamba jirani ni sehemu ya kufuli. Familia inayokwenda kambini bila kumwarifu jirani imeondoa nusu ya kufuli yake na kuiacha nusu. Kinyume chake, anayemwomba jirani afagie ua, aanike nguo na kuwasha taa wakati wa magharibi, ameongeza ulinzi bila kutumia shilingi.

Kanuni hii hutumika pia kwa simu. Mitandao hufunga huduma baada ya majaribio machache ya namba ya siri yasiyo sahihi, kwa kawaida matatu. Huko ni kuchelewesha. Ujumbe unaomwarifu mwenye simu kwamba fedha zimetoka ni kugundua. Kupiga simu kwa kampuni mara moja ili fedha zizuiwe ni kuitika. Mtu anayefuta ujumbe bila kuusoma ameua sehemu ya pili, na ya tatu haitafuata.

MLANGO NA KANUNI YA NYENZO

Mwizi wa nyumba mara chache hushughulika na kufuli yenyewe. Hutafuta mahali palipo dhaifu zaidi: tumbuu, bawaba, mwimo wa mlango, dirisha, au ukuta. Mnyororo hukatika kwenye pete iliyo mbovu kuliko zote, hata kama nyingine zote ni za chuma kizito.

Fikiria mtaimbo wenye urefu wa sentimita 60. Ncha yake inaingizwa kati ya mlango na mwimo, na egemeo lipo sentimita 3 kutoka kwenye ncha hiyo. Mkono wa jitihada una sentimita 57 na mkono wa mzigo una sentimita 3, kwa hiyo manufaa ya kimakanika ni 57 kugawanya kwa 3, yaani 19. Mtu akisukuma kwa nguvu ya nyutoni 300, ncha ya mtaimbo husukuma mlango kwa nyutoni 5,700, ambazo zinakaribia uzito wa magunia sita ya kilo mia moja. Hiyo ndiyo sababu kufuli kubwa ya bei ghali huonekana asubuhi ikiwa bado imefungwa barabara, nayo inaning'inia kwenye tumbuu iliyong'oka pamoja na misumari yake.

Dawa yake inajulikana. Skrubu hushika ubao takriban kwa kadiri ya urefu uliozama. Skrubu ya sentimita 2 hushika ganda la juu tu, ilhali ya sentimita 7 hufika katika kiini cha mwimo. Bora zaidi ni bolti inayopenya ubao mzima na kufungwa kwa nati upande wa ndani, kwani hiyo haiwezi kung'olewa bila ubao wenyewe kupasuka. Vichwa vya skrubu za tumbuu yafaa vifunikwe na bamba la tumbuu hiyo mlango unapofungwa. Vikibaki nje, mwizi hahitaji mtaimbo, bisibisi yatosha. Mlango unaofungukia nje huacha vyuma vya bawaba wazi, navyo vyaweza kugongwa vikatoka. Nafasi kati ya mlango na mwimo nayo iwe ndogo, maana pasipoingia ncha ya mtaimbo hapana nyenzo.

Pemba zipo nyumba za fito na udongo, zipo za mawe na chokaa, na zinazidi kujengwa za matofali na mabati. Katika nyumba ya udongo, kununua kufuli ya bei kubwa ni kupoteza fedha ikiwa ukuta ulio kando ya mlango waweza kutobolewa kwa jembe. Fedha hizo zingefaa zaidi katika sanduku zito lililofungwa kwa bolti kwenye sakafu, au katika kuimarisha ukuta wa chumba kimoja tu cha kuwekea mali. Ama nondo za madirisha, zinasaidia sana, lakini zina hatari yake: nyumba ikishika moto, nondo huwazuia waliomo kama zinavyomzuia mwizi. Hapana budi dirisha moja la kila upande wa nyumba liwe na nondo zinazofunguka kutoka ndani, na ufunguo wake uwekwe mahali panapojulikana na watoto wote, mbali na mkono wa mtu aliye nje.

KUTU, ADUI ASIYEONEKANA

Katika pwani, mwizi ana msaidizi afanyaye kazi usiku na mchana. Chuma kikikutana na maji na oksijeni hubadilika kuwa kutu. Chumvi huharakisha jambo hili kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi kuliko maji baridi, na kutu ni kazi ya umeme mdogo unaopita kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine. Aidha, kloridi iliyomo katika chumvi huvunja utando mwembamba ambao ungekikinga chuma. Upepo wa kaskazi na wa kusi hubeba matone madogo ya bahari hadi ndani ya vijiji, na kwa hiyo skrubu ambayo ingeishi miaka mingi Dodoma huweza kuwa unga ndani ya mlango wa Micheweni, ilhali kichwa chake kingali kinang'aa kwa rangi.

Zipo njia tatu za kujikinga. Ya kwanza ni kupaka chuma kitu kinachozuia maji na hewa, kama rangi au grisi. Ya pili ni kutumia chuma kilichopakwa zinki, kwa kuwa zinki ni tendaji zaidi kuliko chuma, nayo huliwa kwanza na kukiacha chuma salama. Ya tatu ni kutumia kufuli yenye mwili wa aloi ya shaba na zinki, ile yenye rangi ya dhahabu, ambayo haishiki kutu. Tundu la ufunguo lisitiwe mafuta ya kupikia, kwa sababu yanakusanya vumbi na mchanga. Unga laini wa risasi ya penseli, ambao ni grafiti, hulainisha bila kunata. Na mara moja kwa mwaka, kabla ya msimu wa karafuu, skrubu moja ya kila bawaba ifunguliwe na kutazamwa.

KUFULI NA HESABU YA FUNGUO

Kufuli ya pini ni uvumbuzi wa kale sana. Huko Misri na nchi za Mashariki ya Kati zilitumika kufuli za mbao ambazo ndani yake vijiti vilidondoka kwa uzito wao katika matundu ya komeo na kulizuia. Ufunguo, uliokuwa kipande cha mbao chenye meno, uliviinua vijiti vyote kwa pamoja, na komeo likateleza. Mmarekani Linus Yale mdogo aliitumia kanuni hiyo katika kufuli ndogo ya chuma, akapata hataza zake mwaka 1861 na mwaka 1865. Kufuli nyingi zinazouzwa madukani leo ni wajukuu wa kufuli hiyo.

Ndani yake mna kopo linalozunguka, na pini kadhaa zilizokatwa vipande viwili, kila moja ikisukumwa na springi. Bila ufunguo, pini hulala katikati ya mpaka wa kopo na mwili wa kufuli, na kopo haliwezi kuzunguka. Ufunguo ulio sahihi huinua kila pini kwa kimo chake hasa, hata maungio yote yakawa sawa na mpaka, na kopo likazunguka. Kimo kikizidi au kikipungua hata kwa pini moja, mlango haufunguki.

Sasa hesabu. Ikiwa kufuli ina pini tano, na kila pini yaweza kuwa na vimo sita, idadi ya funguo tofauti ni 6 × 6 × 6 × 6 × 6, yaani 7,776. Ikiwa pini ni tatu tu na vimo vinne, idadi hushuka hadi 64. Kufuli ya bei ndogo sana aghalabu huwa na pini chache na hutengenezwa kwa aina chache za funguo, na ndiyo maana katika soko moja ufunguo wa mtu huweza kufungua kufuli ya mwingine. Mnunuzi mwenye busara hahukumu kufuli kwa ukubwa wa umbo lake. Huhesabu meno ya ufunguo na kulinganisha funguo za kufuli mbili zilizo kando kando.

Liko somo jingine katika historia ya kufuli. Joseph Bramah wa Uingereza alipata hataza ya kufuli yake mwaka 1784, na baadaye kufuli ya aina hiyo ikawekwa dirishani mwa duka huko London pamoja na ahadi ya gini 200 kwa atakayeifungua bila ufunguo. Haikufunguliwa kwa miaka mingi. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, fundi wa Kimarekani A. C. Hobbs aliifungua baada ya kazi ya saa 51 katika siku 16. Watu wengine walilalamika kwamba kuzungumza hadharani juu ya udhaifu wa kufuli ni kuwafundisha wezi. Lakini wezi huujua udhaifu huo kabla ya wenye nyumba. Mwaka 1883, Auguste Kerckhoffs, mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha Ufaransa, aliandika kuhusu maandishi ya siri kwamba mpango ulio bora ni ule unaobaki salama hata adui akiujua wote, isipokuwa ufunguo wake. Kanuni hiyo ndiyo msingi wa usalama wa simu na benki hadi sasa. Kila mtu anajua jinsi fedha zinavyotumwa kwa simu. Kisichojulikana ni tarakimu chache tu. Zikijulikana hizo, kila kitu kimekwisha.

MWANGA NA KIVULI

Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa na umeme wa bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, na taa zikawa rahisi kupatikana kuliko wakati wa mitambo ya mafuta. Taa ya nje huchangia ugunduzi, lakini iwekwe kwa maarifa. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: mahali palipo mita 6 kutoka kwenye taa hupata mwanga mdogo mara tisa kuliko mahali palipo mita 2. Kwa hiyo taa mbili ndogo katika pembe mbili za nyumba hufaa zaidi kuliko moja kubwa mlangoni. Kadhalika, globu iliyo wazi inayotazama njia humpofusha jirani, naye huona mng'ao tu na kivuli cheusi nyuma yake, ambamo mwizi hujificha. Taa ifunikwe juu na kando ili imulike ardhi na ukuta. Jambo la kukumbuka ni kwamba taa haimkamati mtu. Inamwezesha jirani kuona. Pasipo na jirani wa kutazama, taa humulikia mwizi kazi yake.

MWIZI WA JINA

Desturi ya pwani ni kupiga hodi. Aliyemo ndani huuliza, "Nani?" Watoto hufundishwa kwamba jawabu la "mimi" halifai, kwani kila mtu ni "mimi". Mgeni hana budi kutaja jina, na sauti yake humshuhudia. Huo ni uhakikisho wa utambulisho katika hali yake ya msingi: mtu anadai kuwa fulani, na mwenye nyumba anadai ushahidi.

Wataalamu huugawa ushahidi huo mafungu matatu: kitu ambacho mtu anacho, kama kitambulisho au laini ya simu, kitu anachokijua, kama namba ya siri, na kitu kilicho katika mwili wake, kama sura, sauti na alama za vidole. Kila fungu lina udhaifu wake. Kilicho mkononi huibwa. Kinachojulikana huweza kuambiwa au kubahatishwa. Kilicho mwilini hakibadilishiki, kwa hiyo kikitumiwa vibaya mwenyewe hawezi kupewa kingine. Usalama hupatikana mafungu mawili yanapodaiwa pamoja, na mwizi hufanikiwa anapopata yote mawili kwa mkupuo.

Tazama namba ya siri ya tarakimu nne. Zipo namba 10,000, kuanzia 0000 hadi 9999. Mwizi mwenye majaribio matatu ana bahati ya 3 katika 10,000, ambayo ni ndogo sana. Lakini watu wengi huchagua mwaka wa kuzaliwa. Miaka ya kuzaliwa ya watu walio hai haizidi sana mia moja, kwa hiyo bahati ya mwizi hupanda hadi takriban 3 katika 100. Hali huwa mbaya zaidi akiwa na kitambulisho mkononi. Namba ya Kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Tuseme mtu amezaliwa tarehe 12 Machi 1979. Mwizi atajaribu 1979, kisha 1203, kisha 0312. Majaribio yamekuwa matatu, na kama namba ya siri imetokana na siku ya kuzaliwa kwa njia ya kawaida, mlango umefunguka. Kwa hiyo nakala ya kitambulisho si karatasi ya kuachwa popote. Inapotolewa kwa haja fulani, yafaa iandikwe juu yake kwa kalamu haja hiyo na tarehe.

ALAMA ZA VIDOLE

Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza Tanzania tarehe 1 Mei 2019, na laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kufungwa usiku wa tarehe 20 Januari 2020. Shabaha ilikuwa kwamba kila laini iwe na mwenyewe anayejulikana. Wezi nao walitafuta mwanya. Mtu asiye mwaminifu anayesajili laini huweza kumwambia mteja, "Alama haijashika, weka tena," na kwa kidole cha pili akasajili laini ya pili ambayo mteja haijui. Laini hiyo hutumika katika utapeli, na jina linaloonekana ni la mtu asiye na hatia.

Hila hii huwapata kwa wepesi watu wa kazi ngumu. Mistari ya vidole vya anayefunga mwani katika maji ya chumvi, anayevuta nyavu au anayeponda kokoto huwa imelika, na mashine huishindwa kweli kweli. Mteja wa namna hiyo amezoea kuambiwa aweke tena, wala hashuku. Kinga ni nyepesi: kila mwenye simu Tanzania aweza kupiga *106# na kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akiona asiyoijua, aende kwenye ofisi ya kampuni husika na kudai ifutwe. Kitendo cha kujifanya mtu mwingine kwa njia ya kompyuta au simu ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotumika Tanzania Bara na Zanzibar.

UJUMBE USIO NA SURA

Ujumbe wa kitapeli unaojulikana sana nchini ni ule unaosema, "Ile pesa tuma kwenye namba hii," na kwamba jina litakalotokea ni la mtu mwingine. Wengi hushangaa jinsi ujumbe usiotaja jina la mtu unavyoweza kumdanganya yeyote. Jawabu limo katika somo la uwezekano. Tuseme mwizi ametuma ujumbe kwa watu 10,000 asiowajua, na katika kila watu 500 yupo mmoja ambaye siku hiyo hiyo alikusudia kumtumia mtu fedha: kodi ya nyumba, karo, au malipo ya samaki. Ujumbe umewafikia watu 20 ambao kwao unaonekana kuwa wa kweli kabisa. Nusu yao wakituma shilingi 50,000 bila kuuliza, mwizi amepata shilingi 500,000. Mwizi hakumjua hata mmoja wao. Aliyedanganyika naye si mjinga. Ni mtu ambaye uongo ulimkuta katika saa yake.

Kinga yake ni ile ya hodi: kudai ushahidi wa fungu jingine. Mtu apigiwe kwa namba yake ya zamani iliyohifadhiwa, wala si kwa namba iliyoleta ujumbe, na sauti yake isikike. Jina linalotokea kabla ya kuthibitisha lisomwe neno kwa neno. Anayedai kuwa ametuma fedha kwa makosa aelekezwe kwa kampuni yake, na salio litazamwe kwanza, maana ujumbe wa fedha kuingia waweza kuandikwa na yeyote. Mfanyakazi wa kweli wa kampuni ya simu au benki hahitaji kuambiwa namba ya siri. Ujumbe wa utapeli, pamoja na namba iliyoutuma, waweza kupelekwa kwenye namba 15040 ili laini hiyo ishughulikiwe.

Jambo zito zaidi linawahusu wazee. Wapo wengi ambao hawakusoma, nao humkabidhi wakala au mjukuu simu pamoja na namba ya siri. Wengi wa wanaokabidhiwa ni waaminifu, lakini namba inayosemwa kwa sauti barazani imekwisha kuwa ya umma. Mwanafunzi wa sekondari ana kazi kubwa hapa. Kitufe cha 5 katika simu za vitufe kina kinundu kidogo kinachosikika kwa kidole. Mzee asiyejua kusoma aweza kufundishwa, kuanzia kinundu hicho, kuhesabu safu kwenda juu, chini, kulia na kushoto, hata akaweza kuingiza namba yake mwenyewe bila kuitamka. Mafunzo hayo huchukua jioni chache, na mjukuu ayatoe akiwa amegeuza uso.

SIMU IKIPOTEA

Simu iliyoibwa ni kitambulisho kilichoibwa. Mwizi akiihamisha laini kwenye simu nyingine hupokea ujumbe wa mwenyewe. Ndiyo maana laini yenyewe iwekewe namba ya siri, ambayo huifunga baada ya majaribio matatu. Ikipotea, jambo la kwanza ni kuiarifu kampuni kwa simu ya jirani ili laini ifungwe. La pili, kuwaarifu jamaa wasiitike maombi ya fedha. La tatu, kutoa taarifa polisi. Namba ya simu yenyewe, yenye tarakimu 15, huonekana kwa kupiga *#06#. Iandikwe mapema kwenye daftari la nyumbani.

KAZI KWA WANAFUNZI

1. Tia misumari mitatu inayofanana katika chupa tatu: moja ya maji ya kisima, moja ya maji ya bahari, na moja ya maji ya bahari ambayo msumari wake umepakwa grisi. Tazama kila siku kwa wiki mbili na uandike unayoyaona.

2. Kwa usimamizi wa mwalimu, kusanyeni darasani kufuli ndogo za aina moja pamoja na funguo zake. Je, ni funguo ngapi zinafungua kufuli isiyo yake? Linganisheni jibu na idadi ya pini.

3. Tarakimu za siri zikiwa sita badala ya nne, bahati ya mwizi mwenye majaribio matatu hupungua mara ngapi? Kwa nini jibu hilo halina maana ikiwa tarakimu hizo ni siku, mwezi na mwaka wa kuzaliwa?

4. Pima kwa saa muda ambao jirani wa karibu hutumia kufika mlangoni kwenu tangu aitwe. Muda huo ndio kipimo cha mlango mnaouhitaji.

Chuma, mwanga, tarakimu na sheria vina kazi yake, lakini hakuna hata kimoja kinachotenda pasipo mtu. Kufuli bora huhitaji jirani atakayeitika, na namba bora ya siri huhitaji mwenyewe anayejua kwa nini haitamki. Maarifa haya hayana gharama kubwa, nayo yawafikie kwanza wale ambao kupoteza mapato ya msimu mmoja wa mwani ni kupoteza karo ya mwaka mzima.